Gurudumu la Babu Lililozunguka hadi Mwala

Kila alasiri Maryam alipotoka shuleni, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye kibanda cha mama yake karibu na soko la Machakos, akaweka mkoba chini ya meza, akanawa mikono na kushika kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa simu. Mama yake, Hidaya, alikuwa akipika sambusa na kaimati za watu wa kufuturu, na mwezi huo wa Ramadhani mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Mtu hawezi kukanda unga na kubonyeza simu kwa wakati mmoja, labda awe na mikono minne. Kwa hiyo Maryam ndiye aliyesoma oda za wateja kwa sauti na kuzijibu, na alijiona mkubwa kweli kweli, ingawa alikuwa darasa la sita tu.

Sheria ya kibanda ilikuwa moja. "Namba tusiyoijua ikipiga, usiipokee wewe," Mama alikuwa amemwambia. "Niletee mimi."

Mama alikuwa na sababu yake. Matapeli waliwahi kumpigia wakijifanya watu wa benki, wakamzungusha kwa maneno matamu mpaka wakamwibia. Tangu siku hiyo aliiogopa namba ngeni kama mtu anavyoogopa nyoka jikoni.

Siku hizo Maryam alikuwa na kazi nyingine kwenye simu hiyo, nayo ilikuwa kulitafuta gurudumu la Babu.

Babu Abdalla alikuwa baba yake Hidaya. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori, mpaka kiharusi kilipomwacha na miguu isiyomtii. Tangu hapo alitembelea kiti cha magurudumu. Katikati ya Ramadhani, gurudumu dogo la mbele likapasuka. Kimeu, fundi wa baiskeli, alijaribu kukifungia kiti gurudumu la toroli, lakini kikainama upande mmoja, Babu akawa anakaa kama mtu anayechungulia kwa jirani. Madukani walitafuta, wapi! Mwishowe Mama akaliagiza mtandaoni na kulilipia, wakaambiwa litaletwa hadi mlangoni.

Haikuwa haja ndogo. Kila mwaka swala ya Idi ilipoandaliwa uwanjani, Babu alisukumwa hadi mwisho wa safu ya mbele. Siku hiyo wazee walikuja kutoka miji ya jirani, Mitaboni, Kathiani na Mwala, na mmoja wao alikuwa Mzee Yasin wa Mwala, aliyekuwa utingo wa lori la Babu enzi za ujana wao. Siku hizi wawili hao walionana mara moja tu kwa mwaka, baada ya swala ya Idi, wakashikana mikono na kucheka mambo ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyaelewa.

"Tutakubeba, Baba," Mama alimwambia gurudumu lilipovunjika. "Vijana wa msikitini wapo."

"Kubebwa?" Babu alikunja uso. "Mimi nimebeba magunia ya watu miaka yote, na sasa nibebwe mbele ya Yasin? Afadhali nikae nyumbani."

Kila mtu aliyemjua Babu alijua kwamba hapo amesema, na amemaliza.

Kampuni iliwatumia ukurasa wa kufuatilia mzigo. Mwanzoni ukurasa huo ulikuwa mtamu kusoma. Mzigo umepokelewa ghalani. Mzigo umetoka Nairobi. Mzigo umefika Machakos. Maryam alimsomea Babu habari hizo kila jioni kabla ya kufuturu, naye Babu akatikisa kichwa kwa furaha kama aliyesikia habari za mjukuu anayerudi kutoka safari.

Kisha siku moja ukurasa ukaandika: Mzigo unapelekwa kwa mteja. Moyo wa Maryam uliruka kwa furaha. Alikaa kibandani akitega sikio, kila pikipiki iliyopita akainuka, ikipita akaketi. Baadaye alichoka kuinuka. Akafungua mchezo wa kupanga matunda kwenye simu ya Mama, na alikuwa karibu kabisa kuvuka kiwango ambacho kilikuwa kimemshinda wiki nzima. Maembe yalikuwa yamejipanga vizuri, yamebaki mananasi.

Simu ikaita. Namba ngeni.

Maryam alimtazama mama yake. Mama alikuwa akimhudumia mteja, ameipa meza mgongo. Kumpelekea simu kungekuwa kuacha mananasi. Akaikata. Ikaita tena, akaikata tena. Ilipoita mara ya tatu alikasirika, akaizuia namba ile kabisa isiweze kupiga wala kutuma ujumbe. Ujumbe mmoja ulikuwa umeshaingia. Akaufuta bila kuusoma, kwa sababu matapeli nao hutuma ujumbe. Kisha akarudi kwenye mananasi yake akiwa na amani moyoni, kwani alijiambia kwamba amemkinga mama yake na wezi.

Jioni hiyo ukurasa uliandika: Mteja hapatikani.

"Hapatikani vipi?" Mama alishangaa. "Mimi niko hapa tangu asubuhi! Wamekuja lini?"

"Sijui, Mama," Maryam akasema, na kweli hakujua. Yeye alidhani anayeleta mizigo anakuja tu kama mgeni aliyezoea njia. Hakuwaza kwamba katika mji ambao vibanda havina namba, lazima apige simu kwanza kuuliza.

Siku iliyofuata mambo yaligeuka kizungumkuti. Ukurasa uliandika kwamba mzigo uko Mwala.

"Mwala!" Babu alisema. "Wamempelekea Yasin gurudumu langu?"

Jioni mzigo ukarudi Machakos. Kesho yake ukawa Kathiani. Ukarudi Machakos. Ukaenda tena Mwala. Maryam alisoma mpaka macho yakamuuma, asielewe chochote. Kama mzigo uko Machakos, mbona hauletwi? Na kama umepotea, mbona unarudi kila jioni kama ng'ombe anayejua zizi?

"Gurudumu hili limeanza kutembea kabla ya kufungwa kwenye kiti," Babu alitania, lakini safari hii hakucheka sana.

Shuleni, Maryam alimweleza rafiki yake Mbinya. Mama yake Mbinya alikuwa na kibanda cha mboga kando ya cha Hidaya, kwa hiyo wasichana hao wawili walijuana tangu utotoni.

"Labda kuna mtu mwingine huko Mwala ako na jina kama la mama yako," Mbinya alisema.

"Na Kathiani pia?"

"Eh, hapo sasa sijui." Mbinya alijikuna kichwa. "Kwani hamjapigia hao watu wa kastama kea?"

Alasiri hiyo Mama alikubali wapige, naye alipokwenda kuchukua makaa, wasichana wakapiga. Waliusikiliza wimbo wa kungoja mpaka Mbinya akaanza kuuimba. Mwishowe sauti ya mwanamke ikajibu kwa upole. Maryam akamsomea namba ya mzigo.

"Naona hapa, mpenzi. Mleta mizigo wetu amepiga namba hii hii kila siku. Mwanzo simu ilikuwa inakatwa. Sasa haiingii kabisa."

"Inakatwa?" Maryam aliibana simu sikioni. "Anapiga na namba gani?"

Mwanamke akaitaja. Maryam alimshukuru, akakata simu, akafungua orodha ya namba zilizozuiwa. Ilikuwamo moja tu. Ilikuwa hiyo hiyo.

Mbinya alikuwa amechungulia begani. "Maryam! Si ni wewe ulimblock?"

"Nyamaza, Mbinya!"

"Lakini mwambie mama yako. Ni dakika tu."

"Nitamwambia. Si sasa."

Mama alirudi na makaa kichwani, jasho likimtiririka. "Umewapigia? Wamesemaje?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Maryam aliyatafuta, akayakuta, kisha akaogopa. Alikumbuka sheria ya kibanda. Alikumbuka mananasi. Angesema vipi kwamba Babu anakaa chumbani siku zote hizo kwa sababu ya mananasi ya kwenye simu?

"Wamesema… bado wanafuatilia," akajibu.

Mbinya alimtazama, akainama na kuanza kuchambua mboga za sukumawiki za mama yake bila kuagizwa. Maryam aliona aibu. Tena alikuwa amefunga. Hata namba ile hakuifungua, maana alijua ikipiga tu mambo yote yatatoka.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuutazama mwezi. Siku hiyo watu wote mjini hawakujua kesho itakuwa siku gani. Mwezi ukionekana, Idi ni kesho. Usipoonekana, watu watafunga siku moja zaidi. Wateja walifika kibandani wakiuliza swali hilo hilo, kana kwamba Mama anaupika mwezi pamoja na sambusa.

Alasiri, Mama alifuta mikono na kuichukua simu mwenyewe. Maryam alimwona uso ukibadilika.

"Mzigo unarejeshwa kwa muuzaji," Mama alisoma. "Unarejeshwa! Hawa watu wana wazimu?"

Akapiga simu hapo hapo, akadai kuzungumza na mkubwa wao. Mkubwa huyo alijitaja kuwa Bwana Ndambuki, na Mama akaiweka sauti juu.

"Mama, kijana wetu anasema alikupigia sana, hukushika."

"Mwongo!" Mama alisema kwa hasira. "Simu hii haitoki mkononi mwa mwanangu, na mwanangu hajaona simu yoyote. Kijana wako amekaa mahali akipiga soga, kisha anasingizia wateja!"

Bwana Ndambuki akasema, "Kama ni hivyo, basi leo anajibu. Yuko hapa ofisini. Hatatoka tena na mizigo mpaka jambo hili lieleweke."

Mama alikata simu akihema. Kisha sauti ikamlegea. "Maryam, nenda umwambie Babu. Mimi sina moyo wa kumwambia."

Nyumbani hapakuwa mbali. Babu alikuwa amekaa kitandani. Kanzu yake ya Idi, iliyopigwa pasi, ilining'inia mlangoni, na kofia yake ya kufumwa ilikuwa juu ya mto. Maryam alimweleza kwamba mzigo unarudishwa Nairobi.

Babu hakufoka. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Aliitazama kanzu kwa muda, kisha akasema, "Haya, mama. Irudishe kabatini isishike vumbi. Yasin akiniulizia, mama yako atamsalimia."

Maryam aliishika ile kanzu. Ilinukia udi. Ghafla machozi yakamtoka, akaitundika tena palepale ilipokuwa, akatoka mbio bila hata kuvaa viatu vizuri. Mbinya alimwona akipita kama upepo, akaacha mboga na kumfuata.

"Mama," Maryam alisema alipofika kibandani, pumzi zikimpaa. "Huyo kijana si mwongo. Alipiga. Mimi ndiye niliyemkata. Nilikuwa nacheza. Kisha nikaizuia namba yake, nikaufuta ujumbe wake. Na jana waliniambia, nikakuficha."

Mafuta yalikuwa yakichemka kwenye karai. Mama aliliepua polepole, akaliweka chini, akafuta mikono.

"Jana?" Mama aliuliza. "Yaani mimi nimemwita mtoto wa watu mwongo, na wewe umesimama hapa unasikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Tutaongea. Sasa leta simu."

Waliifungua ile namba, Mama akapiga. Ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Haki ni wewe, Mama?" Sauti ilikuwa ya kijana. "Mimi naitwa Lenny. Nimekutafuta mpaka nikachoka. Niko hapa ofisini naulizwa."

"Lenny, mwanangu, nisamehe. Kosa ni letu. Mzigo uko wapi?"

"Umewekwa kwa gari ya kurudi Nairobi. Lakini bado haijatoka. Hebu niwaambie."

"Ngoja. Mpe simu mkubwa wako kwanza." Mama alisema hivyo, kisha akamnyoshea Maryam simu. "Ongea. Wewe ndiwe unayejua ilivyokuwa."

Maryam aliishika simu kwa mikono miwili. Alimweleza Bwana Ndambuki yote, hata habari ya mananasi. Alisema Lenny hakudanganya. Alisema aliyedanganya ni yeye.

Bwana Ndambuki akasema, "Asante kwa kusema, msichana. Watu wazima wengi huwa hawapigi mara ya pili kusema hivyo." Wakamsikia akiita nyuma kwa sauti kubwa, "Shikeni hiyo gari!"

Jua lilikuwa linazama pikipiki ya Lenny iliposimama mbele ya kibanda. Alikuwa kijana mwembamba mwenye koti la mvua lililofifia rangi, na nyuma yake kulikuwa na sanduku lililochakaa pembe kwa kufungwa na kufunguliwa.

"Hebu niambie jambo moja," Mama alisema baada ya kumwomba radhi tena. "Kwa nini mzigo wetu ulikuwa ukipelekwa Mwala?"

Lenny alicheka. "Haukupelekwa, Mama. Ulikuwa na mimi tu. Sheria ni mteja asiposhika simu, mzigo unakaa ofisini, siku zake zikiisha unarudishwa. Lakini niliona imeandikwa ni gurudumu la kiti cha mgonjwa. Nyanya yangu naye ako na kiti kama hicho. Nikasema huu siuachi. Kila asubuhi naubeba, napiga simu hapa Machakos, nikikosa naendelea na mizigo ya Mwala ama Kathiani, jioni naurudisha. Na kila kituo mashine inasoma chochote nimebeba na kukiandika kwa ukurasa, ndiyo maana."

Maryam aliangalia chini. Siku zote hizo aliuona ukurasa ule kama kichekesho, kumbe kulikuwa na mtu aliyekuwa akiubeba mzigo wao kwa wema, akikataliwa kila siku. "Nisamehe, Kaka Lenny," alisema.

"Yameisha," Lenny akajibu. "Lakini usinirudishe kwa ile orodha yako."

Adhana ya magharibi ikasikika. Mama akamkaribisha Lenny tende na sambusa, akamwambia ale kwanza. "Hata mimi leo sijala tangu asubuhi," Lenny alisema, "ila mimi ni kwa sababu ya kuulizwa maswali." Wote wakacheka, hata Maryam, ambaye alidhani siku hiyo hatacheka.

Nyumbani, Kimeu alilifunga gurudumu kabla giza halijaingia sawasawa. Alikisukuma kiti mbele na nyuma, akakitazama kama kinainama. "Aiya! Sasa kimenyooka," alisema, akaondoka akipiga mluzi. Muda mfupi baadaye redio ikatangaza kwamba mwezi umeonekana.

"Bahati mwezi haupiti kwenye simu ya Maryam," alisema Babu, ambaye Maryam alikwisha kumweleza yote. "Tungefunga mpaka mwaka ujao."

Asubuhi uwanja ulijaa kanzu nyeupe na mabuibui. Maryam mwenyewe ndiye aliyemsukuma Babu hadi mwisho wa safu ya mbele, na kiti kilikwenda kimya bila kulia. Swala ilipokwisha, watu walisimama na kuanza kukumbatiana, ikawa vurugu ya furaha. Babu aligeuza shingo huku na huku akimtafuta Yasin. Umati ulikuwa mkubwa, na kwa mtu aliyeketi, kilichoonekana kilikuwa migongo tu. Watu wakaanza kupungua. Yasin hakuonekana.

"Labda mwaka huu hakuweza," Babu alisema kwa sauti ndogo.

Simu ya Mama ikalia ndani ya mkoba uliokuwa mkononi mwa Maryam. Akaitazama. Namba ngeni. Hakuikata, wala hakuipokea. Alipenya katikati ya watu mbio mpaka alipokuwa mama yake.

"Mama! Namba ngeni!"

Mama akapokea, akasikiliza, kisha akacheka mpaka akashika kifua. "Ni Mzee Yasin! Anatumia simu ya mjukuu wake. Yuko langoni, miguu inamsumbua siku hizi, anauliza Abdalla amekaa upande gani."

Maryam alikisukuma kiti hadi langoni. Mzee Yasin alikuwa ameegemea fimbo. Wazee wawili wakashikana mikono, wasitake kuachiana. Kisha Yasin akaliona gurudumu jipya, akauliza limetoka wapi.

"Hilo?" Babu alisema. "Hilo limefika kwenu Mwala mara mbili kabla ya kunifikia mimi." Akamvuta Maryam karibu. "Muulize huyu."

Maryam akainamisha kichwa, lakini Babu alimshika mkono.

"Sikiliza, mama. Kujihadhari na wezi ni vizuri, na mama yako alikufundisha namna. Ulipoikata simu, ulituchelewesha tu. Uliponyamaza ukijua ukweli, hapo ndipo tulipokaribia kulipoteza gurudumu, na Lenny kupoteza kazi. Ukikosea, sema mapema, mambo yakiwa bado yako Machakos."

"Nimesikia, Babu," Maryam alisema.

"Basi nisukume," Babu akasema. "Taratibu, Yasin aweze kutufuata."